Bomba Lililopita Chumba cha Watoto

Zima jiko kwanza, kisha ungoje lipoe. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa karakanani, na nilipewa vidole vyangu vikiwa tayari ndani ya karai la maji baridi. Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, hapa Kitale, na mimi nilikuwa mwanamke pekee kati ya mafundi. Nilitaka waone kwamba siogopi chuma cha moto. Chuma hakijali kama unakiogopa.

Ninyi vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie ninayoyakumbuka kabla sijahamia kabisa shambani Bungoma. Ya kupandishwa cheo nitayaruka, maana hayakumpa mtu joto. Nitaandika kuhusu majiko, na zaidi kuhusu jiko moja la Kapsokwony. Nimewasikia mkiambiana kwamba kusafisha bomba ni kazi ya kupitisha siku.

Karakana yetu ilianza kwa sababu ya takataka. Nyuma ya kiwanda cha mbao palikuwa na kilima cha unga wa mbao ambacho mvua ilikigeuza uji, na uji huo uliingia hadi kwa majirani. Tajiri wa kiwanda akaleta mashine ya kuukandamiza ule unga kuwa vidonge vidogo, vinene kama chaki. Mafundi wakaunda jiko la kuvichoma. Juu kuna sanduku la kumimina vidonge, ndani kuna mteremko ambapo vidonge hushuka vyenyewe kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma vinakoungulia, chini kuna droo ya majivu, na nyuma bomba la kutoa moshi. Ukilijaza jioni, linawaka polepole mpaka asubuhi. Walimu na makarani wa sehemu za baridi walilipenda sana.

Kulisafisha, hapana. Kila mtu alipenda joto na hakuna aliyependa majivu. Mafundi wanaume walipotumwa nyumbani kwa wateja mchana walimkuta mke peke yake, naye akawaambia wangoje nje hadi mwenye nyumba arudi. Wengine walikuta mama mkwe ameketi jikoni, na ninyi mnajua kwetu mwanaume haingii hapo hata nyumba ikiungua. Ndiyo nikaajiriwa. Haukuwa ujuzi wangu, ilikuwa sketi.

Ujuzi nilipewa na Mzee Simiyu, mtu mrefu, mkimya, wa kutoka Lugulu, aliyekuwa ametengeneza majiko ya kuni katika nyumba za mashamba makubwa kabla sijazaliwa. Alichanganya r na l kama wazee wengi wa kwetu. Bomba likishindwa kuvuta moshi alisema, "Nafula, chimuni hii imerara." Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona ndivyo lilivyo kweli, bomba hulala.

Alinifundisha kugonga bomba kwa kifundo cha kidole. Bomba safi hulia, lenye masizi hunyamaza kama debe la unga. Alinifundisha kukwangua kikombe cha moto hadi tundu zote za hewa zionekane, kwa sababu majivu ya vidonge huyeyuka na kuganda kama sukari guru, na tundu zikiziba moto unabaki kufuka tu. Alinifundisha kubana kipande cha karatasi mlangoni mwa jiko na kukivuta. Kikitoka bila kushikwa, kamba ya kuziba mlango imekwisha. Alinifundisha kwamba majivu hubebwa kwa ndoo ya bati, kamwe si kwa gunia, hata yakiwa baridi kwa mkono, kwa kuwa ndani yake kaa moja huweza kukaa macho hadi kesho yake. Vidonge navyo vikae mahali pakavu. Vikishika unyevu huvimba na kuwa ugali, na huo ugali utautoa kwenye mteremko kwa kijiko.

Ile kamba ya mlango tuliikata kwa kisu, tukapuliza vumbi lake kwa mdomo. Mzee Simiyu alikuwa na kikohozi tangu siku niliyomjua. Ninyi leo mnajifunga kitambaa. Jifungeni.

Sasa nifike Kapsokwony.

Mwalimu Wafula alikuwa wa Lugulu, ukoo wa karibu na Mzee Simiyu, akapelekwa kufundisha huko juu mlimani. Aliishi na mkewe, Mama Situma, aliyekuwa karani ofisini, pamoja na watoto wao wawili, Situma na mdogo wake Nekesa. Tena alikuwepo dada mkubwa wa mwalimu, mjane, jina lake Nanjala. Watoto walimwita Senge, yaani shangazi, na sisi sote tukamwita hivyo. Senge ndiye aliyepika, aliyefua, aliyewalea. Alilala katika jiko la nje, nyumba ya udongo yenye moto wa kuni. Alisema lile jiko letu la chuma halina harufu ya nyumbani.

Mara ya kwanza nilipofika kusafisha, nikipanda na lori lililokuwa linafuata magogo, nilikuwa na matope hadi magotini. Senge hakuniacha niguse chochote.

"Kunywa chai kwanza, mama. Hayo majivu yatakimbilia wapi?"

Alikuwa amembeba Nekesa mgongoni, mtoto mkubwa wa kutembea, miguu inaning'inia. Nekesa aliita vidonge peremende. Alijaza ngumi, akaniuliza kama naweza kumpikia.

"Hizo zinaliwa na jiko," nikamwambia.

"Na jiko linashiba?"

"Halishibi, bana," Senge akajibu. "Ni kama babako na chai."

Bomba siku hiyo lilikuwa limenyooka kutoka jikoni hadi nje kupitia ukutani. Nililisafisha, likalia vizuri, nikashuka na lori.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokolea, Nekesa akafa.

Mzee Simiyu alikwenda mazishini Lugulu. Aliporudi hakuvaa koti lake la kazi. Aliketi kwenye benchi, akaokota nati na kuizungusha mkononi.

"Wamemfukuza Nanjala," akasema.

"Akina nani wamemfukuza?"

"Wote. Hapo hapo kaburini. Ati aritia kitu kwenye uji."

Akanieleza. Tangu baridi ilipoanza, watoto waliamka na kichwa kinachouma, wakatapika, wakazunguka kama walevi. Walipopelekwa hospitali walipata nafuu kabla hata ya kumaliza dawa. Walipopelekwa kwa nyanya yao Lugulu walicheza siku nzima. Walirudi nyumbani, wakaumwa tena. Basi watu wakahesabu. Ugonjwa uko nyumbani. Chakula cha nyumbani kinapikwa na mtu mmoja. Mtu huyo haugui, tena hana mtoto wake mwenyewe aliye hai. Mama Situma alilisema kwa sauti mbele ya kaburi la mwanawe, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyamazisha mama siku ya kumzika mtoto.

"Naye Senge alisema nini?"

"Arisema, 'Mungu anaona.' Wakamwambia hata wachawi husema hivyo."

Kidogo baadaye mwalimu akaleta ujumbe karakanani kwamba jiko linarudisha moshi. Tukapanda wawili, mimi na Mzee Simiyu. Mwalimu alikuwepo, nywele zimenyolewa za msiba. Situma alikuwa kitandani mchana, kichwa kinamuuma; watu walisema sumu ya Senge bado haijamtoka.

Mzee aligonga bomba, likanyamaza. Akanitazama. Halikuwa lile bomba nililoliacha. Kutoka jikoni lilikuwa limepinda, limetoboa ukuta wa ndani na kuingia chumba cha watoto, likakimbia juu ya vitanda vyao, kisha likapinda tena na kutoka nje. Mwalimu alisema alimpata mtu wa kuchomelea vyuma pale sokoni.

Mzee alibaki mlangoni, nami nikaingia chumbani. Pale kwenye kiungo, juu ya kitanda kidogo kilichokuwa hakina godoro tena, walikuwa wameziba kwa udongo, na udongo ulikuwa umepasuka. Vumbi jeusi lilikuwa limechora ukuta mstari kama wa machozi. Nje nilipanda ngazi, nikatia mkono kwenye mdomo wa bomba. Ndege alikuwa amejenga kiota, masizi yakashikana na nyasi, likabaki tundu la kupitisha kidole.

Kila mtu anajua usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hata mtoto anajua. Lakini hili lilikuwa na bomba. Nani angeshuku kitu chenye bomba? Na vidonge vikifuka polepole havitoi moshi wa kukuliza macho. Hewa ile mbaya haina harufu wala rangi. Ilitoka pale kwenye ufa, ikashuka juu ya watoto waliofunikwa vizuri na kufungiwa dirisha vizuri.

Mzee Simiyu alinivuta hadi nyuma ya nyumba.

"Tuseme bomba liriziba, tumerizibua, basi."

"Na Senge?"

"Mtoto hafufuki, Nafula. Huyu bwana bado ana mtoto mmoja wa kulea. Ukimwambia, utamwachia nguvu gani ya kumlea?"

"Na Senge?" nikamwuliza tena. Sikuwa na neno lingine.

Alikohoa muda mrefu, ameshika ukuta. Kisha akaingia ndani mwenyewe. Alimwambia mwalimu yote, polepole, akimwonyesha kiungo, ufa, lile fundo la nyasi na masizi nililoliteremsha. Hakutumia neno la kumlaumu. Mwalimu aligusa udongo uliopasuka kwa kidole kimoja.

"Alikuwa analia miguu baridi," akasema. "Nekesa. Ndiyo nikalipitisha hapa. Ili apate joto."

Kuna kazi ambazo fundi hana chombo chake.

"Msimwambie Mama Situma," akasema hatimaye. "Tafadhalini. Nitamwambia mwenyewe. Na dada yangu nitamfuata, nimrudishe."

Tukamwamini. Tulikata bomba, tukalinyoosha kama lilivyokuwa zamani, tukaziba tundu za ukuta kwa saruji, tukaweka wavu mdomoni ndege asiingie. Situma alikuwa ameketi uani tulipoondoka, akitia miguu yake kwenye dimbwi. Kichwa kilikuwa kimeacha kumuuma.

Nikarudi mwaka uliofuata kwa usafi wa kawaida. Nilimkuta Mama Situma peke yake, yuko likizo ya ofisi, amenenepa kidogo. Situma alikuwa shule. Nilitazama jiko la nje, mlango wake umefungwa kwa waya.

"Senge hajarudi?" nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Alinitazama kama nimetema mate sakafuni.

"Arudi wapi? Tangu aondoke yule mwanamke na sumu yake ikaisha mwilini, Situma hajaumwa hata kichwa. Hata siku moja. Si unaona sasa? Watu walikuwa wanasema ati namwonea."

Nilikuwa nimepiga magoti, brashi imo ndani ya bomba. Ndipo nikaelewa tulichofanya. Tulilitengeneza vizuri. Mtoto akapona, na kupona kwake kukawa ushahidi. Kila asubuhi Situma alipoamka mzima, Senge alizidi kuwa na hatia.

Mzee Simiyu wakati huo alikuwa ameacha kazi, kifua kimemshinda. Nilipita kwake nikamweleza. Alisema neno moja tu: "Nenda." Siku yangu ya mapumziko nikaenda Ndalu, ambako niliambiwa Senge amepewa chumba na mama mmoja wa kanisa lake. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Alikuwa amekonda, lakini aliniambia vile vile, kunywa chai kwanza. Sikuweza kunywa. Nilimweleza habari za bomba, la kwanza hadi la mwisho, nikidhani namtua mzigo.

Aliendelea kupukuchua.

"Kwa hivyo umetoka Kitale kuja kuniambia mimi sikumuua Nekesa."

"Ndiyo, Senge."

"Hilo nalijua, mama. Nalijua kuliko wewe. Wasiojua wako huko mlimani na Lugulu. Mbona hukuanzia huko?"

"Mwalimu alituomba tumwachie. Alisema atakuja kukuchukua yeye mwenyewe."

Mikono yake ikasimama.

"Ndugu yangu anajua?"

Nikakubali kwa kichwa. Halikuwa swali nililolitarajia.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipolitengeneza. Mwaka jana."

Alitazama lile gunzi mkononi mwake kana kwamba hajui limefikaje hapo.

"Krismasi alipita hapa," akasema. "Aliniletea sukari. Akakaa hapo ulipokaa wewe, akaniuliza kama miguu bado inaniuma." Akaliweka gunzi chini. "Nikamwombea. Nikasema, Bwana, asante, wote wamenitupa lakini huyu amenikumbuka."

Hakulia. Afadhali angelia. Alikusanya punje zilizokuwa zimeruka, moja moja, akazirudisha kwenye ungo, akaniambia niwahi kabla ya mvua.

Sikurudi Kitale. Nilikwenda Kapsokwony siku iliyofuata na kumwambia Mama Situma, mumewe akiwa shuleni. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliuliza swali lile lile la Senge, kwa sauti ndogo:

"Yeye anajua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akachukua ndoo ya maji iliyokuwa kando ya mlango, akafungua jiko likiwa linawaka, akamimina yote ndani. Nilipiga kelele, mdomo wa fundi huwa mbele ya akili. Chuma cha kusubu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa, kikiwa na moto hakimwagiwi maji. Kilipasuka kutoka kikombe hadi mlangoni, mvuke na majivu vikatupiga usoni. Hakurudi nyuma. Jiko hilo sikuweza kulirekebisha, na hakuna aliyeniomba nijaribu.

Alikwenda Ndalu na Situma. Senge aliwapokea, akamwinua Mama Situma kutoka chini alipopiga magoti, akawapikia kuku. Situma alilala mapajani mwake. Lakini Senge alipoombwa arudi, alikataa.

"Nitapita njia gani?" alimwambia. "Nikiingia Lugulu, nani atatangulia mbele yangu akiwaambia watu mmoja mmoja?"

Mama Situma mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya. Alikuja karakanani siku moja, akiwa amehamia kwao na mtoto. Hakuja kwa ajili ya jiko. Aliketi kwenye benchi la Mzee Simiyu, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka huo, akayasema, akaondoka.

Senge alifariki miaka ya tisini ikiwa imefika katikati, huko huko Ndalu, katika chumba kile cha kupewa. Walimleta Lugulu kuzikwa, kwa maana maiti haifukuzwi. Nilikwenda. Watu walikuwa wengi, wamekuja kula na kutazama. Mwalimu Wafula alikuwa ameacha kufundisha, koti limemkalia kama limetundikwa kwenye msumari. Ilipofika zamu ya ndugu kusema, alisimama, akakataa kushikwa mkono.

"Dada yangu hakumuua mtoto wangu," akasema. "Nekesa aliuawa na bomba la jiko. Bomba hilo nilipitisha mimi juu ya kitanda chake. Nililijua jambo hili miaka yote hii, nikanyamaza. Mimi ndiye."

Alisema kwa sauti, hadi walioko nje ya ua walisikia. Nilidhani nchi itapasuka. Hakuna kilichopasuka. Mchungaji alimshika bega, akamketisha kwa upole, akaanzisha wimbo. Wanaume wawili walimpeleka kivulini wakampa maji. Nikasikia wakisema masikini, uchungu umemchanganya, hata hajui anachosema. Wengine wakasifu kwamba hata hivyo amemsamehe dada yake, ni Mkristo kweli.

Nilisimama nikasema mimi ndiye fundi niliyelifungua lile bomba, na alichosema mwalimu ni kweli. Wimbo ulikuwa umeshapanda. Waliosikia walinitazama kama wanavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Niliketi. Bibi mmoja mzee aliyekuwa kando yangu kwenye nyasi, mtu mpole, aliyenigawia nusu ya kanga yake nisilowe, akainama sikioni mwangu.

"Lakini mama," akanong'ona, "si mtoto yule mwingine alipona baada ya huyu kuondoka?"

Nilimweleza. Nilimweleza bomba, ufa, kiota cha ndege, hewa isiyo na harufu. Alinisikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa adabu, eeh, eeh. Kisha akanipigapiga mkono, kama unavyomtuliza mtoto, akarudisha macho yake kaburini.

Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba walikokuwa wakiosha vyombo. Sufuria zilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Nikakunja mikono ya nguo yangu, nikaomba waya wa kusugulia.